Gari la Safari halitibiwi kwa puti

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuzungumzie magari ya zamani ya mashindano, hasa yale yaliyokimbia Safari Rally miaka ya sabini, ambayo siku hizi yanafukuliwa mabandani, yanapigwa rangi na kuuzwa kwa bei ya kiwanja. Lalamiko letu ni kwamba kazi nyingi inayoitwa ukarabati ni kazi ya kuficha. Kutu inaachwa palepale, inapigwa puti, ule ujazo mzito wa kusawazisha bati, puti inapigwa rangi ya kung'aa, halafu gari linapigwa picha. Anayelinunua na kulirudisha kwenye barabara ya mashimo anabeba hatari asiyoijua, na bati ambalo lingeokolewa linaendelea kuliwa gizani.

Tuchukue gari moja tu, Datsun 240Z. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller walishinda Safari wakiwa na gari hilo, na Shekhar Mehta akamaliza wa pili katika 240Z nyingine. Mwaka 1973 Mehta akashinda pamoja na msoma ramani wake Lofty Drews, baada ya kulingana pointi za adhabu na Harry Källström wa Datsun 1800 SSS. Aliyekwenda mbali zaidi bila adhabu ndiye aliyepewa ushindi. Gari la ushindi wa 1971 limehifadhiwa na Nissan, kampuni iliyotengeneza Datsun, huko Zama, Japani. Zilizobaki mikononi mwa watu, pamoja na zile za kawaida zinazojengwa upya ili zikimbie East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003, hutegemea mikono ya mafundi wa bodi wa mitaani. Ndiyo maana tunaandika.

240Z haina chesisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo chesisi. Bati lake la nje lina unene wa karibu milimita 0.8, na nguvu yote inatoka kwenye mikunjo: vizingiti vilivyo chini ya milango, ambavyo ni masanduku yaliyofungwa pande zote, na reli mbili zinazotoka chumba cha injini na kupita chini ya sakafu bila kufika nyuma kabisa. Kizingiti kikioza, gari halijaharibika sura tu. Limevunjika mgongo. Mlango unaoshuka kidogo ukifunguliwa, au nafasi ya juu ya mlango inayobanana wakati ya chini inaachama, ni dalili ya mgongo huo. Lakini mafundi wengi hukimbilia bawaba.

Kutu ya gari hili ina njia zake, nazo hazibadiliki. Ya kwanza ni betri. Asidi hudondoka kwenye kibao chake, ikateremka ukutani nyuma ya injini, ikaingia kwenye reli na sakafu ya upande ule. Ya pili ni kisanduku cha hewa kilicho chini ya kioo cha mbele. Maji ya mvua huingia humo kwa makusudi na kutokea pembeni, nyuma ya madigadi za mbele. Majani na vumbi vikiziba matundu hayo, maji hukaa, na kisanduku huoza kutoka ndani mahali ambapo huwezi kupaona bila kuvua madigadi. Ya tatu ni sakafu: kiwandani iliwekwa mikeka ya lami ya kuzuia kelele, ambayo ikizeeka hupasuka na kushika unyevu chini yake kama sifongo. Ya nne ni kile kipande kifupi kati ya mlango na gurudumu la nyuma. Tope linalorushwa na tairi hujikusanya kwa ndani, na tope la Safari si tope la kunyeshewa mara moja likakauka. Udongo mweusi wa mfinyanzi ukishaganda kwenye kona hukaa na unyevu wiki nyingi baada ya barabara kukauka.

Ya tano wengi huipuuza: bati la taa za nyuma na kizingiti cha mlango wa nyuma. Gari likienda, hewa nyuma yake huwa na mgandamizo mdogo, na moshi wa injini huvutwa kurudi ndani kupitia kila tundu la kutu na kila mpira uliokauka. Dereva anayelalamika kichwa kumuuma baada ya saa moja barabarani huenda anavuta kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Tundu hilo halizibwi kwa silanti, ile gundi ya mpira ya kuzibia, likaachwa hivyo.

Kabla ya kukubaliana bei na mteja, gari likaguliwe kwa mikono. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa laini isikwaruze rangi, ipitishe taratibu kwenye matao ya magurudumu, chini ya milango na kuzunguka taa. Ikilegea au kuanguka, chini kuna puti nene au nyuzi za kioo. Gonga kwa kifundo cha kidole: bati zima hulia, puti hutoa sauti iliyokufa. Halafu lala chini ya gari na bisibisi butu, ubonyeze kwa uzito wa mkono kwenye reli na kizingiti. Usipige nyundo, bati zima hata jembamba halitobolewi kwa kubonyezwa. Kamera ndogo ya waya inayounganishwa na simu, ikipitishwa kwenye matundu ya kutolea maji, itakuonyesha ndani ya kizingiti. Ukiona magamba yaliyojikunja kama magome ya mti, sehemu hiyo inakatwa, hata kama nje rangi ni nzuri.

Sasa tuje kwenye kosa linaloharibu magari mengi kuliko kutu yenyewe: kukata kizingiti wakati gari limekaa juu ya jeki mbili na hakuna kilichopimwa. Gari lililokatwa kizingiti hujikunja kwa uzito wake, na ukichomelea kizingiti kipya umelifunga likiwa limepinda milele. Kwa hiyo, kabla ya mkato wa kwanza, toa injini na giaboksi, toa tangi la mafuta na ulipeleke mbali, ng'oa waya za betri na alterneta. Weka gari kwenye stendi zilizo chini ya sehemu zinazobeba magurudumu, mbele na nyuma, uhakikishe kwa timazi ya maji kwamba pande zote ziko sawa. Pima kila tundu la mlango kwa kona mbili za mshazari, andika vipimo kwenye bati lenyewe kwa kalamu ya rangi. Pima pia kutoka tundu moja la boliti chini ya gari hadi lingine la upande wa pili, kushoto na kulia. Tofauti ikizidi milimita 2 au 3, gari lilishapinda zamani na linahitaji kuvutwa kwanza.

Baada ya hapo chomelea mabomba ya mraba ya milimita 25 kwa 25: moja kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, la pili la mshazari, na moja la kukatiza gari kutoka mlango hadi mlango. Milango irudishwe na kufungwa kila baada ya hatua, kwa sababu mlango ndio kipimo kisichodanganya. Fanya upande mmoja, umalize, ndipo uguse wa pili. Usikate vizingiti vyote viwili siku moja. Sakafu nayo ingoje vizingiti vikae, maana sakafu hushikwa na vizingiti.

Kuondoa rangi nako kuna madhara yake. Kupiga mchanga boneti, paa na milango hunyoosha uso wa bati na kulifanya livimbe kama kifuniko cha sufuria; ukilibonyeza linaruka, ukiliachia linarudi, na hakuna nyundo itakayolituliza kirahisi. Kwenye bati pana tumia dawa ya kutoa rangi na diski laini ya nailoni, kwa mwendo wa polepole. Kupiga kwa hewa kubaki kwa reli na sehemu nene, tena si kwa mchanga wa mtoni: vumbi lake la silika huua mapafu, na kitambaa kilichofungwa puani hakilizuii. Kuzamisha bodi nzima kwenye asidi hatukushauri. Asidi hujificha kwenye mishono ya mabati mawili yaliyopandana, na miezi kadhaa baadaye hutoka kidogo kidogo chini ya rangi mpya. Lami ya sakafuni hutoka vizuri ikigandishwa kwa barafu kavu (kaboni dioksaidi iliyogandishwa) kisha kugongwa. Pasipo barafu hiyo, tumia hewa ya moto na kisu kipana.

Kata hadi bati linalong'aa pande zote mbili, kisha ongeza milimita 20 kwenye bati zima. Fundi anayekata pale tundu linapoishia anachomelea kwenye bati ambalo upande wa nyuma limeshabaki nusu. Weldi itatoboa, atajaza, itatoboa tena pembeni, na mwisho ana donge badala ya mshono. Kona za kiraka ziwe za mviringo kwa sababu kona kali huanzisha ufa. Nukta za weldi za kiwandani, zinazoshika bati kwa bati, zitobolewe kwa keekee ya milimita 8 kwenye bati la juu tu, bila kulitoboa la chini.

Bati la kiraka liwe chuma laini cha unene uleule: milimita 0.8 kwa nje, 1.0 kwa sakafu, 1.2 kwa reli. Hapa tunaomba wenzetu watusikilize. Mabati ya paa hayafai. Ni membamba mno, na zinki yake ikichomwa hutoa moshi mweupe unaomlaza fundi na homa usiku huo. Bati la pipa la lita 200 lina unene unaokaribia kufaa, ndiyo maana linapendwa, lakini pipa lililokuwa na petroli au thina linaweza kulipuka likiguswa na grainda hata kama limekaa wazi mwaka mzima. Bati la kukunja linalouzwa kwa shiti nzima si ghali ukilinganisha na siku za kazi zinazopotea. Na msidhani nene zaidi ni imara zaidi. Kiraka cha milimita 2 kwenye bati la 0.8 hakitikisiki, basi mtikisiko wote wa barabara huhamia ukingoni mwa weldi na kupasua pale.

Kuchomelea ndiko kunakotenganisha fundi na fundi. Tumia mashine ya migi, ile ya waya na gesi, yenye waya wa milimita 0.6. Gesi ya kaboni dioksaidi peke yake itafanya kazi ila hurusha cheche nyingi. Mchanganyiko wake na agoni huchoma kwa upole zaidi. Umeme uwe kati ya ampea 35 na 50, na ujaribu kwanza kwenye vipande viwili vya bati lilelile. Viraka vya nje vikutanishwe ukingo kwa ukingo, na nafasi ya unene wa bati katikati, si kimoja juu ya kingine, kwa sababu palipopandana maji huingia kwa nyuma na kutu huanza upya kabla mteja hajamaliza kulipa. Piga nukta moja, ruka sentimita 10 upige nyingine, rudi mwanzo. Kisha gawa nafasi zilizobaki nusu kwa nusu hadi nukta zikutane. Shika bati kwa kiganja kati ya nukta na nukta: likikuunguza, ngoja.

Sababu ya kungoja ni hii. Bati likipashwa moto hutaka kupanuka, lakini limezungukwa na bati baridi linalolibana, kwa hiyo hunenepa pale pale. Likipoa husinyaa na kuvuta kila kitu kuelekea kwenye mshono. Ndiyo maana tao la gurudumu lililochomelewa kwa mstari mmoja mrefu huingia ndani, na ndipo puti ya milimita 6 inapotafutwa. Dawa yake ni kugonga mshono kwa nyundo bapa huku umekinga kwa chuma upande wa ndani, ili uurudishe upana ulioupoteza. Kumwagia maji weldi ya moto huongeza mvuto na kuufanya mshono uwe mgumu na mwepesi kupasuka. Weldi ya fito haifai kabisa kwa bati la 0.8. Weldi ya gesi ya karbaiti mikononi mwa mzee aliyeizoea hutoa mshono laini unaogongeka vizuri, na tunawaheshimu wazee hao, ila eneo linalopata moto ni kubwa, basi ibaki kwenye sehemu zenye mkunjo. Kulehemu kwa shaba kusitumike kwenye reli wala kizingiti. Na palipo na shaba ya zamani, ikatwe yote, maana migi haishiki juu yake.

Reli na ukingo wa kizingiti huchomelewa kwa matundu: toboa bati la juu milimita 6, au 8 kwa reli, kila baada ya milimita 30, paka praima (rangi ya kwanza) ya zinki kwenye nyuso zitakazokutana, bana kwa nguvu, jaza tundu kuanzia katikati. Nukta iliyojaa bila kushika chini inaonekana sawa na iliyoshika, kwa hiyo tengeneza moja ya majaribio kisha uipasue kwa tindo. Bati la juu likichanika na kuacha kibonge chini, umefaulu.

Gari lenye historia ya mashindano lina jambo lake la ziada. Bodi nyingi za timu ziliongezewa weldi fupi fupi kwenye mishono, na kwenye minara ya springi utakuta vibao vilivyobandikwa njiani usiku ili gari lifike. Vina sura mbaya. Visiguswe bila kupigwa picha na kupimwa, na kama bati chini yake ni zima, viachwe. Fundi anayevisaga ili mnara uwe laini anafuta ushahidi wa kile gari lilichopitia, na hakuna hati itakayourudisha. Ufa unaotoka kwenye kibao hutobolewa tundu la milimita 3 kwenye ncha yake usiendelee, kisha huchomelewa pande zote mbili.

Keji ya usalama, yaani mabomba ya chuma yanayowalinda waliomo gari likibingirika, isifungwe kwenye bati lililoliwa. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, zinataka kila mguu wa matao ya keji (si mihimili ya nyuma) uliofungwa kwa boliti uwe juu ya bamba la chuma la angalau milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 120, lililochomelewa kwenye bodi. Bamba hilo likichomelewa kwenye sakafu iliyojaa nyuzi za kioo, siku gari litakapobingirika mguu utapenya sakafu kama mwavuli mchangani.

Rangi tutaipita haraka, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo mafundi wetu wanaijua vizuri. Palipobaki vishimo vya kutu tia asidi ya fosfori, uioshe kama mtengenezaji wa praima anavyoagiza, ukaushe. Piga praima ya epoksi mikono miwili, na puti ije juu ya epoksi, si juu ya chuma kitupu, kwa sababu puti hunywa maji. Isizidi milimita 2 baada ya msasa. Hadina, dawa ya kuigandisha, ni gramu 2 kwa kila gramu 100 za puti. Ukizidisha ili ikauke upesi, doa litapanda hadi kwenye rangi. Mombasa, Tanga na Dar es Salaam bati tupu hushika kutu ndani ya saa chache, na pepo za bahari huacha chumvi isiyoonekana: lioshwe kwa maji baridi safi, likaushwe kwa hewa, lipigwe praima siku hiyohiyo kabla ya unyevu wa jioni. Rangi za kuchanganya na hadina zina aisosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya karatasi haitoshi. Mpigaji avute hewa safi ya bomba.

Kwa wanunuzi ombi letu ni moja: daini picha za bati tupu. Picha za kila upande kabla ya praima, zenye rula ndani yake, na vipande vilivyokatwa viwekwe kwenye sanduku mkabidhiwe pamoja na gari. Fundi aliyefanya kazi ya kweli atafurahi kuzionyesha. Na waandishi wako, Mhariri, wanapokwenda kupiga picha gari lililofufuliwa, waulize picha hizo pia. Swali hilo likizoeleka, bei ya kuficha itashuka yenyewe.

Mwisho ni nta na matundu. Baada ya rangi kukauka, nta ya maji-maji ipulizwe ndani ya vizingiti, reli, milango na matao kwa mrija wenye ncha inayorusha pande zote, hadi ionekane ikichuruzika kwenye matundu ya chini. Kisha matundu yazibuliwe moja moja kwa waya, kwa kuwa silanti, puti na nta hiyohiyo huyaziba. Siku ya kukabidhi gari, mmiliki amimine lita moja ya maji taratibu kwenye matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele, kisha ainame pembeni. Maji yatoke nyuma ya madigadi, kushoto na kulia, yakiwa safi. Yasipotoka, au yakitoka mekundu, asilipe kiasi kilichobaki hadi madigadi zivuliwe.

Mafundi wa bodi,
Mombasa